"Amelala" ya Namna Gani?

6 Februari

Bibi, mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Keti kwanza, usije ukaanguka. Tangu nifike hapa Kiingereza kimeniogopa. Kikiniona nakuja, kinavuka barabara. Juzi nimesema sentensi moja, msimamizi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniomba nirudie. Nikakataa, maana vitu vizuri havirudiwi. Wenye lugha yao wakipotelewa na neno wasihangaike, waje kwangu: mlango wa nyuma, karibu na mtambo, waulize Kasuku.

Shikamoo. Najua mume hamwamkii mkewe shikamoo, lakini wewe una fimbo. Hatujambo, mimi na mwanao. Mjomba anakohoa kidogo kwa baridi ya kazini, ila anakula kama mtu aliyeajiriwa kula. Anauliza kama yule kuku mweusi bado anataga juu ya kabati. Mimi nauliza kama goti lako limekubali kukunjika. Barua hii inakuja na dereva wa lori, mpe maji. Simu ya posta sitaki tena. Mara ya mwisho nilikwambia "Bibi, ni mimi," ukajibu "Pita ndani, mlango uko wazi," ukakata.

Sasa kazi yenyewe. Mjomba ndiye fundi wa baridi, mimi msaidizi wake: nashika ngazi, nampa spana, nammulikia taa. Ni vyumba vikubwa vya kuhifadhia samaki na nyama, kuta nene kama godoro, milango ya chuma inayofungwa kwa komeo la nje. Huko nje mtambo unanguruma hivi kwamba mtu akikutukana unamshukuru. Ndani mlango ukifungwa husikii kitu ila moyo wako mwenyewe. Mimi siogopi. Basi naogopa kidogo, usimwambie Mjomba. Chumba cha mwisho kitasa chake cha ndani kimevunjika. Mjomba amewaambia wakubwa, wakubwa wamesema sawa.

Msimamizi ni mgeni, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Tunamwita Bwana Okei kwa sababu kila kitu kwake ni okei, hata kisichokuwa okei. Kabla ya kufunga mlango wowote na kuwasha baridi, anasoma ubao uliotundikwa hapo nje. Fundi akiingia, ubaoni kunaandikwa kwa Kiingereza. Na unajua mwanao alikuwa anaandika nini miaka yote? IN. Akitoka, OUT. Nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Hayo ni maneno ya kifaranga! Nikamwambia Bwana Okei kwamba mimi ni mjukuu wa mwalimu wa Kiingereza, nikamnyang'anya Mjomba chaki. Sasa ubaoni ni sentensi, ndefu, zenye mkia.

Ila nitumie kidogo yale mambo ya "is" na "-ing" na "has". Si kwamba siyajui. Nataka kuona kama wewe bado unayajua.

Mumeo,
Kasuku

27 Februari

Mume wangu wa karatasi,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka samaki, nimeianika uani nusu siku kabla ya kuisoma. Kuku mweusi amehamia juu ya cherehani. Goti limekubali kukunjika, sasa linagoma kunyooka. Dereva nimempa maji, akakaa, akanipa habari zote za njiani nisizozihitaji.

Kumbe umejitangaza kuwa mjukuu wa mwalimu. Nilishika kalamu nikukaripie, nikajikuta natabasamu kama mwari. Haya, fungua masikio, maana uliacha shule kidato cha pili ukaniacha na chaki mkononi.

Wakati unaoendelea ni sufuria iliyo motoni: "is boiling". Wakati timilifu ni sufuria iliyokwisha kuepuliwa: "has boiled". Nyinyi mnasikia hivyo, mnasema basi, -na- ni "is", -me- ni "has", tukacheze mpira. Hapo ndipo mnapovunjikia shingo wote. Nimesahihisha kosa hilo mpaka macho yakaota sugu. Sisi tunasema "mtoto amelala" na mtoto bado anakoroma. Mwambie Mwingereza "the child has slept", kwake mtoto ameshaamka, yuko jikoni anatafuta maziwa. Bwana Okei wako amevaa kofia; andika "has worn", umeshamvua. Hii -me- yetu ni mgeni wa kweli: ikiingia, inakaa. Ile "has" yao ikimaliza shughuli inaaga. Kwa hiyo amelala, amekaa, amesimama, amevaa, yote hayo kama bado yako hivyo mbele ya macho yako, andika "is" na "-ing". Rudia kwa sauti. Najua hujarudia. Rudia.

Sasa kuna neno linaitwa "been". Hilo ni nyoka, na leo vidole vyangu vimekakamaa, sitaki kulishika kwa mkono mbovu. Nitakuandikia barua yake peke yake. Mpaka hapo usilitumie. Umenisikia, Kasuku? Usiliguse.

Na kile kitasa cha ndani. Kimetengenezwa, au kinatengenezwa? Nijibu vizuri. Mwambie kitindamimba wangu avae koti lake zito hata kama chumba kimezimwa. Mwambie mama yake amesema.

Bibi yako

16 Machi

Mke wangu mkali,

Shikamoo na heshima zote. Hapa hatujambo. Kikohozi cha Mjomba kimehama kifuani kimekwenda puani. Mimi nimenenepa kwa sifa. Makuli wanaopakua malori wananiita Profesa. Nilianza mimi kujiita, wao wakaitikia.

Somo lako nimelipokea. Nimemwonyesha Mjomba, akasema "Mama hajabadilika, hata barua yake inachapa." Nimerudia kwa sauti. Vizuri, sikurudia, lakini nilisoma nikitikisa midomo.

Kitasa kinatengenezwa. Yaani kinasubiri kutengenezwa. Yaani kipo pale pale. Usianze kulia, Mjomba haingii chumba kile ila mimi nimesimama mlangoni.

Kuhusu yule nyoka, pole, mke wangu, nimeshamshika mkia. Bwana Okei anaitia "been" kila mahali kama chumvi. "I have been waiting." "Where have you been?" "It has been a long day." Nikamwangalia, nikasema kumbe ndiyo siri yao. Na mimi nikaanza kunyunyiza. Sentensi zimependeza, Bibi, ungeziona ungelia.

Jana Mjomba kashuka ngazi, akasimama mbele ya ubao, akasoma, akakuna kichwa.

"Sasa hapa mimi niko ndani au niko nje?"

"Mjomba," nikamwambia, "wewe ni fundi wa baridi. Wa Kiingereza ni mimi."

"IN ilikuwa inanitosha."

"IN ni ya watu wasio na wajukuu wa walimu."

Akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Akanipiga bega, akasema, "Haya, Kasuku. Roho yangu iko kwenye chaki yako."

Nakuandikia hayo ucheke. Mimi mwenyewe nilicheka. Halafu jioni nikiwa nakula nikayakumbuka yale maneno ya roho na chaki, tonge likasimama kooni, sijui kwa nini. Labda halikutafunwa vizuri.

Profesa wako

4 Aprili

Kasuku,

Marahaba. Mvua haijatuacha hata tukaanika kitambaa. Daraja limechukuliwa na maji, lori halipiti. Naandika hivyo hivyo, barua itakaa dirishani kungoja.

Nilikukataza, ukaenda ukafanya. Kwa hiyo acha kila ulichoshika, soma.

"Been" ina sura mbili, na zote mbili zinafanana kama mapacha wa baba mlevi. Ukisema "he has been inside", ukaishia hapo, maana yake alikwenda ndani, akatoka. Amewahi kuwa huko. Safari imekwisha. Mimi ukiniambia "I have been to the market", najua kikapu kiko mezani. Kama ameingia na hajatoka, ni "he has gone in". Kama unataka kusema yumo, sema "he is inside", mtoto wa darasa la tatu anaijua. Na kama unataka kujionyesha, maana nakujua, basi sema "he has been working inside since morning". Umeiona ile "-ing"? Umeiona "since"? Hizo mbili ni mguu uliowekwa katikati ya mlango usifungwe. Ziondoe, mlango umefungwa.

Nimesoma tena ulivyoandika, Mjomba anauliza niko ndani au niko nje, na wewe unafanya mzaha. Ubavu umenichoma. Bora IN ya mwanangu. Mrudishie chaki yake. Ningekwambia tangu mwanzo, lakini nilifurahi mno kuitwa mwalimu.

Bibi yako

Leo tarehe 13. Barua bado iko dirishani. Wanasema daraja linajengwa. Sijapenda hiyo -na-.

11 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti hali kadhalika. Sisi huku wazima. Mvua ipo. Chakula kipo. Makuli wanakusalimu ingawa hawakujui.

Hapa kazi imesimama kidogo. Bwana Okei hayupo, amesafiri. Nimepata nafasi ya kupumzika, mtu mkubwa kama mimi naye anahitaji kupumzika. Kuku anataga? Usimchinje, nakuja kumwona mwaka huu Mungu akipenda.

Mjomba hakuandika kwa sababu amelala. Nilitaka aongeze hata mstari mmoja, lakini amelala tu. Nimeonelea nisimsumbue.

Kiingereza nimekipumzisha. Mtu hawezi kila siku.

Mjukuu wako

29 Aprili

Mjukuu wangu,

Sina salamu. Salamu ziko, lakini zimekaa nyuma ya mlango, zinaogopa kuingia kabla ya swali.

Dereva yule huwa anashuka, anakunywa maji, ananimaliza kwa habari. Juzi aliweka barua yako juu ya benchi, injini hakuizima, macho hakunipa. Nikamwita, "Dereva, maji!" Akasema ana haraka. Mtu mwenye mdomo kama ule, ana haraka ya nini?

Nimeisoma barua yako kama nilivyokuwa nasoma karatasi ya mtihani ya mtoto aliyechungulia kwa jirani. Hujajisifu hata mara moja, ila pale ulipojiita mtu mkubwa, na hata hapo kalamu imetetemeka. Hujaniita mke. Umeandika "sisi huku wazima", halafu hukusema nani na nani. Na mwanangu umemtaja mstari mmoja: amelala. Ukarudia: amelala tu.

Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba neno hilo ni shimo. Amelala ni mtoto aliyeshiba. Amelala ni mlevi mtaroni. Na amelala ni yule tunayemfunika shuka mpaka usoni, tukaenda kuwaambia majirani kwa sauti ya chini, amelala. Kiswahili chetu kina huruma, kinampa mtu mahali pa kujificha. Wewe umeingia humo, umejikunyata, unadhani sikuoni.

Toka. Ni "amelala" ya namna gani, Kasuku?

Nijibu kwa Kiingereza. Ndiyo, mimi niliyekuwa nakulilia uandike lugha yetu ya nyumbani, leo nataka ile ya wenzetu, maana haina huruma. "He is sleeping." "He has slept." "He has been sleeping." Ulifundishwa tofauti. Chagua. Na kama ni lile jingine, nalo lina neno lake la Kiingereza, fupi, wewe unalijua, liandike.

Usiku silali, mchana naangalia barabara. Dereva akirudi bila barua yako nitapanda lori hilo hilo na goti langu hivi lilivyo, nije nikague mwenyewe huyo aliyelala. Barua yangu ya "been" imeondoka pamoja na hii. Ilikaa dirishani kwa ajili ya daraja. Nimeitazama pale kila siku, na sijui kwa nini kila nikiitazama nilikuwa nahisi imechelewa.

Bibi yako

12 Mei

Bibi,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika siku moja, kwa mkono mmoja. Nilifungua kwanza ile ya "been". Nilitamani nisingejua kusoma.

Jibu lako hili hapa, nimeliandika kwanza kwenye kipande cha boksi, nikalikagua.

He is sleeping. He has been sleeping since 7 April.

Umesema nichague moja, lakini zote mbili ni kweli. "He has slept" bado siruhusiwi kuiandika. Ulinifundisha kwamba siku nikiiandika, maana yake ameamka. Naisubiri sentensi hiyo kuliko nilivyowahi kusubiri kitu. Lile neno fupi silo. Nimeweka sikio langu kwenye pua yake leo asubuhi. Anapumua. Vidole viwili vya mkono wa kushoto baridi imevila, wamevikata. Nesi anasema tuendelee kumsemesha, kwa hiyo namsemesha. Jana nilimwambia kuku amehamia kwenye cherehani, na ukope mmoja ukacheza. Nesi anasema ukope huwa unacheza wenyewe. Mimi namwogopa huyo nesi.

Ilikuwa hivi. Chumba cha mwisho kilizimwa ili barafu iyeyuke, Mjomba akafunge feni mpya. Kulikuwa na joto kabisa humo, akavua koti lake zito, akalitundika kwenye msumari wa nje. Nilimwambia, Bibi amesema uvae. Akasema, Mama hajawahi kupanda ngazi na koti. Akapanda. Boliti zikapungua, akaniagiza stoo. Kabla ya kwenda nikaandika ubaoni:

FUNDI HAS BEEN INSIDE.

Nilichotaka kusema ni kwamba yumo, tangu asubuhi yumo. Nikarudi nyuma kidogo kuitazama. Niliipenda, Bibi. Niliipenda kama mtu anavyopenda viatu vipya. Mlango nikauacha nusu wazi, nikaenda.

Nilichelewa huko. Niliporudi mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, komeo chini, mtambo unanguruma, baridi imewashwa. Nikasema moyoni, basi Mjomba amemaliza, yuko kwenye chai. Nikapita hapo mbele ya mlango napiga mluzi. Nilipita tena kwenda kunywa maji. Kwenye chai hayupo. Chooni hayupo. Nikarudi, na ndipo nikaliona koti. Lilikuwa linaning'inia pale pale kwenye msumari, mikono chini, kama mtu anayesubiri kuitwa. Fundi wa baridi haendi nyumbani bila koti lake.

Komeo lilikuwa zito, nikawaita makuli waje kulivuta. Tulipofungua alikuwa chini, karibu na mlango. Gizani alikuwa ameanguka, kichwa kimepasuka, lakini alikuwa amejikokota mpaka hapo. Spana iko mkononi. Upande wa ndani wa mlango umejaa vidonda, Bibi. Vya chini kabisa ni vidogo. Alikuwa anagonga na mimi napiga mluzi.

Makuli wakamkamata Bwana Okei uani, shati likachanika. Alikuwa anapiga kelele, amegeuka mweupe kama chaki, ananionyesha mimi kidole. Anasema, "I asked him! I asked him, he said yes!" Wote wakanigeukia, maana mwenye Kiingereza ni nani kama si Profesa. "Anasema nini huyu?"

Nikawatafsiria. "Anasema alisoma ubao."

Wakausoma ubao, yaani waliutazama. Mmoja akasema, kumbe ni Kiingereza tu kimetuponza. Wengine wakasema ndiyo, ni lugha ya watu, haina mwenyewe. Shati la Bwana Okei wakaliachia. Kesho yake aliondoka na sanduku lake, hakuna aliyemuaga. Alipita karibu yangu, hakusema hata okei. Mimi wakanipa pole. Wananipa mpaka leo. Watu wananiletea chakula hospitali, wananiambia, usijilaumu, ulijitahidi, neno lenyewe ni gumu.

Nilitaka barua iishie hapo. Ilikuwa tayari, nimeshaikunja. "Been" ingebeba mzigo, na wewe ungeibebea fimbo, ungesema nilikukataza, ukalia, ukanisamehe. Lakini umesema nitoke mahali pa kujificha. Na Mjomba ananipa kisogo kitandani hata wakimgeuza upande wangu, ndivyo ninavyomwona.

Stoo sikuchelewa kwa sababu ya boliti. Boliti nilipewa mara moja, zilikuwa mfukoni. Nilipita kwa makuli, nikakaa juu ya kasha, nikaanza kuwahadithia jinsi nilivyomfundisha Bwana Okei Kiingereza. Wanacheka, wamenizunguka. Bwana Okei mwenyewe akatokea. Hakuwa na haraka. Alikuwa amesoma ubao na hakuridhika, ndiyo maana alikuja kunitafuta mpaka kule. Akavua kofia, akaniuliza polepole, kama mtu anavyomuuliza mtoto njia:

"Has he come out?"

Leo najua alikuwa anauliza kama Mjomba ametoka, lakini pale sikuelewa. "Has" niliisikia. "Come" naijua, ni njoo. Ile ya mwisho mtambo uliimeza. Nikadhani labda anauliza kama fundi amekuja kazini leo. Ningesema sijaelewa. Ningeweza hata kusema kwa Kiswahili, angeiona sura yangu, angekwenda kuchungulia mwenyewe. Lakini makuli wote walikuwa wananitazama mdomo, wanangoja wasikie Profesa akijibu.

Nikasema, "Yes, yes. Okei." Wakanipigia makofi, na mimi nikaendelea na hadithi yangu.